Bukini Aliyekula Hongo

Nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Jamhuri, hakuna aliyefika mlangoni bila kulipa. Njia ya kutoka geti hadi mlango wa jikoni inapita katikati ya uwanja wa kuku, na hapo katikati alisimama bata bukini dume, mweupe, mnene, shingo ameishusha karibu na ardhi, akitoa sauti kama mtungi wa gesi unaovuja. Kila mgeni alikuja na kipande cha mkate. Ulikirusha kando, yeye akakifuata, wewe ukapita mbio. Mleta maziwa alijua. Wanawake wa kanisani walijua. Kaka yangu mkubwa, mtu mwenye ofisi yake na dereva wake, alibeba mkate garini jinsi madereva wengine wanavyokunja noti ndani ya leseni.

Tulicheka sana. "Hata huyu anataka chai," tulisema, na wageni wakafurahi kama vile tumewaonyesha kitu cha maana kuhusu nchi yetu. Mimi niliacha kucheka siku mama alipotoka hospitali.

Alianguka bafuni. Nasema mapema ili bukini asisingiziwe. Nyonga ilivunjika, akafanyiwa upasuaji kule Parklands, akarudi na fremu ya chuma ya kutembelea na maagizo mawili yaliyogongana. Daktari alitaka atembee kila siku, asizoee kiti. Pia alisema kwamba akianguka tena kabla mfupa haujashika vizuri, huenda asisimame tena maishani. Na mahali pekee pa kutembea penye sakafu sawa ni ile njia ya saruji kati ya jikoni na geti.

Kaka alitoa hukumu papo hapo, hata kabla chai haijapoa. Mama ahamie kwake Kilimani, ghorofa ya juu, lifti ipo, vigae vipo, na ndege wa huko ni njiwa wa dirishani tu. Au bukini achinjwe.

"Mami, chagua," alisema. "Ni wewe ama hiyo kitu."

"Hakuna mtu anachinjwa hapa," mama akajibu.

"Si mtu, Mami. Ni bata."

"Leo mtachinja bukini kwa sababu nimezeeka. Kesho mtasema kuku ni wengi. Kesho kutwa mtauza kiti yangu. Mimi nakaa kwangu."

Kaka akavaa koti. Alisema sawa, akae, lakini siku atakaposikia kwamba yule ndege amemgusa, amemgusa tu, siku hiyohiyo atakuja na gari wapakie nguo. Nilimjua kaka. Hakuwa akitisha, alikuwa akiahidi, na aliahidi kwa sababu aliogopa kumzika mama. Mimi pia niliogopa, ila niliishi naye nyumba moja na nilijua kwamba kule ghorofani angekufa kwa njia nyingine, akitazama magari ya watu wengine.

Bukini huyu hakuja mkali. Tulimnunua kwenye maonyesho ya kilimo, kifaranga wa manjano anayeenea kiganjani. Kwa kuwa alikuwa peke yake, mama alimlea jikoni ndani ya katoni, na alipoosha vyombo alimbeba kwenye mfuko wa aproni. Kifaranga alimfuata hadi chooni. Tulimpiga picha, tukazituma kwa jamaa wote. Hakuna aliyetuambia kwamba ndege anayekua bila kuwaogopa watu, siku akipata nguvu hataogopa kuwapiga. Alipokomaa alianza na wenziwe: jogoo alinyang'anywa uwanja, mabata wakawa wanakula akishashiba yeye, kanga wakahamia juu ya paa la banda. Kisha akatugeukia sisi. Wa kwanza kukimbizwa nilikuwa mimi, na mama akatoka na mkate kumtuliza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kaka alipenda kusema, kana kwamba yeye hakulelewa na mwanamke huyohuyo.

Ilinichukua muda kuuona ujinga wetu. Tulidhani mkate unamtuliza, kumbe unamlipa. Kila alipofoka alilipwa, na alipouma vizuri zaidi alilipwa haraka zaidi. Uwanja mzima ulikuwa umemfundisha kazi, na mwalimu mkuu alikuwa mama yangu. Nikapiga marufuku mkate. Mleta maziwa alinung'unika, wanawake wa kanisani wakahamishia maombi yao kwa jirani, lakini nilishikilia.

Akawa mbaya zaidi. Aliyezoea kupewa, ukimnyima, hutafuta kosa lingine. Alinisubiri asubuhi nikienda kazini mjini, akanishika shavu la mguu na kulizungusha kama mtu anayefungua kifuniko. Niliacha sketi nikavaa suruali nzito, lakini siku moja ya joto nilipoikunja suruali ofisini, wenzangu waliona mabaka ya zambarau wakaanza kuniuliza kwa upole kuhusu mume ambaye sina.

Namna ya kumshika ni rahisi kueleza, ngumu kufanya. Akija, hukimbii, humpi mgongo, na humpigi teke, maana teke kwake ni mwaliko. Unasimama, unapanua mikono uonekane mkubwa, unasogea upande wake. Asipokoma, unamshika shingo chini kidogo ya kichwa bila kukaza, mkono mwingine unayakumbatia mabawa, unambana kwapani kichwa kikielekea nyuma yako ili asikufikie usoni. Kisha unatembea naye. Unazunguka uwanja mbele ya jogoo, mabata na kanga, taratibu, kama anayebeba mtoto aliyelala, mpaka mwili wake ulegee. Ndipo unamweka chini, unasimama pale mpaka aondoke yeye.

Mara ya kwanza nilimwachia kabla ya kumaliza mzunguko. Mara ya pili alinichana shingoni. Lakini nina hasira za ukoo, na bukini ana kichwa kidogo kuliko changu. Wiki zikapita, akaanza kunipisha. Mimi tu. Mama hangeweza kumbeba, mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye ile fremu, kwa hiyo tulikubaliana kwamba hatatoka nje ya jikoni mpaka mimi nirudi kutoka kazini.

Adhuhuri moja nikampigia simu kutoka ofisini. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Mama wa kazi, anayetusaidia usafi asubuhi, huondoka kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nikaita teksi, na Barabara ya Ngong ilikuwa imefungana kama kawaida yake, na muda wote huo nilipiga simu na kumwona mama akilini, amelala kifudifudi kwenye saruji. Dereva aliniangalia kwenye kioo akaniambia, "Madam, pumua." Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe.

Nilipofungua geti nilisikia simu ikilia. Ilikuwa chini, katikati ya njia, na bukini amesimama juu yake akiigonga kwa mdomo. Mama hakuwapo. Nilimpita yule ndege bila hata kumtazama, nikasukuma mlango wa jikoni, umefungwa kwa ndani. Nikaugonga kwa ngumi zote mbili.

"Nakuja," sauti ya mama ikasema. "Pole pole. Nyinyi watoto mna haraka."

Alikuwa mzima. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na mfuko wa sweta yake ulikuwa umejaa vipande vya mkate, vile vya mwisho ambavyo hakuna anayevitaka. Nilivitoa nikaviweka mezani mbele yake.

"Tangu lini, Mami?"

"Tangu ulipokataza."

"Nilikwambia usitoke!"

"Daktari aliniambia nitoke. Wewe uko na nguvu ya kumbeba. Mimi niko na nini? Mikono yote iko kwa hii chuma. Nampa, ananiacha, nafika kwa geti, narudi. Daktari alisema nitembee, hakusema nitembee bure."

"Na leo?"

"Leo alikula, akarudi tena kabla nifike. Nikampa ingine. Akarudi. Simu ikaanguka nikitafuta kwa mfuko."

Niliwaka. Nilimuuliza siku mkate utakapoisha akiwa katikati ya njia atamlipa kwa kitu gani, kwa vidole? Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona usoni mwake, macho ya mtu anayeona aibu mbele ya mtoto wake, na akasema kwa sauti ndogo, "Nilimbeba kwa aproni, huyu. Sasa namwogopa mpaka naota."

Nikaketi. Hasira ilinitoka yote mara moja, nikabaki na huruma na hofu tu.

Tangu siku hiyo tulifanya mazoezi kila jioni. Mkate ukatoweka nyumbani kabisa, tukawa tunakunywa chai na viazi vitamu. Nilimwonyesha kwamba fremu yenyewe ni mikono mipana kuliko yangu: akija, usiivute kwako, isogeze mbele, uigonge chini, kisha usimame. Mimi nilitembea ubavuni. Siku nyingine bukini alisita na kugeuka. Siku nyingine aliuma mguu wa fremu na chuma kikalia, na mama akafumba macho, midomo yake ikienda. Hatukuwahi kujaribu bila mkono wangu kuwa karibu.

Jumamosi moja kaka akapiga honi getini. Nilimwambia mama akae jikoni mpaka nimfungulie kaka geti. Alitikisa kichwa kukubali, na ningepaswa kujua, maana mama yangu hakubali kitu haraka hivyo. Alitaka mwanawe amkute wima.

Nilipovuta komeo na kugeuka, alikuwa ameshafika katikati ya njia. Bukini alikuwa kwenye beseni la maji na mabata. Aliinua kichwa. Kisha akakishusha, akaja.

Sikuweza kumfikia kabla yake. Nilianza kukimbia nikajizuia, maana nikikimbia angeongeza kasi, nikawa natembea ule mwendo wa haraka usio mbio. Nyuma yangu kaka alikuwa ametoka garini na mkate mkononi, karatasi yake ikichakarika. Bukini aliisikia. Shingo yake iligeuka kidogo kuelekea getini. Kipande kimoja tu kingemwondoa kwa mama.

Nasema ukweli: baada ya wiki zote zile, baada ya mahubiri yangu yote, nilifungua mdomo nimwambie kaka ampe.

"Usimpe!"

Alikuwa mama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, hata kanisani. Kaka aliganda mkono ukiwa hewani. Bukini aligeuka akamrukia mama mabawa wazi, na sauti ya mapigo ikasikika hadi ukutani, manyoya yakaruka, kuku wakatawanyika. Mama aliyumba. Niliona bega lake likienda upande, nikaona mguu mmoja wa fremu ukiinuka kutoka chini. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini.

Mguu wa fremu ukarudi chini. Mama akaisogeza fremu mbele, akaigonga. Bukini akauma chuma. Akaisogeza tena, akaigonga tena, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule ndege akirudi nyuma mbele ya mtu asiyekuwa mimi. Alifoka, akayakunja mabawa, akajifanya ana shughuli kwenye majani. Mama hakumtazama tena. Alitembea hadi getini, uso umekauka, akamwinulia kaka shavu abusu.

"Karibu, baba," alisema. "Umekuja na mkate. Leo tutakula sisi."

Kaka alikuwa amepauka kuliko yeye. "Amekugusa?"

"Amegusa chuma."

"Mami. Amekugusa?"

"Si umeona na macho yako? Twende ndani, miguu inataka chai."

Kaka aliona kile nilichokiona mimi, mabawa na fremu na vumbi. Alikaa mchana mzima. Alikunywa vikombe vingi, akamtazama mama akiinuka na kuketi, akiinuka na kuketi, kila mara bila msaada, hadi mimi nikashangaa hiyo bidii inatoka wapi. Alipoaga alisema habari za Kilimani tuziache kwanza. Alisema hivyo akiangalia boneti ya gari, si sisi, na alimpita bukini bila kurusha chochote, nadhani kwa ajili ya heshima yake mwenyewe.

Niliporudi jikoni nilitaka kucheza kwa furaha. Mama alikuwa ameshika meza.

"Angalia kama gari limetoka."

"Limetoka, Mami."

"Angalia."

Nilienda dirishani. Barabara ilikuwa tupu, nikamwambia. Hapo ndipo alipoketi, polepole, upande mmoja, na kuinua gauni juu ya goti. Paja la ule mguu usiofanyiwa upasuaji lilikuwa limevimba, jeusi, pana kuliko sahani, mahali bawa lilipompata. Nilimuuliza kwa nini alisimama na kuketi mchana kutwa na kitu kama kile, kwa nini hakulia hata kidogo, hata mimi nisijue.

"Ningelia, saa hii ningekuwa Kilimani," alisema.

Kisha, kwa kuwa gari lilikuwa limekwenda, akalia.