Sapato yangu ilikaa kwa banc

Ile wakati ya corona, nilipeleka mujukuu yangu kwa centre de santé moja, kituo ya afya, hapa Mangobo. Mutoto alikuwa na homa, mwili yake moto sana. Pale sentinelle, mulinzi ya mulango, alikuwa anasukumia bamama yote kwa banc moja, kiti murefu ya mbao, bega juu ya bega, na mwenye alikaa mwisho anakohoa bila kufunika kinywa.

"Koko, kaa! Mutu asipokaa kwa banc, place yake inapotea."

"Papa, nikae wapi, juu ya magoti ya mwenzangu?"

"Ni ordre, koko, ni amri."

Bon. Kwetu kwa robinet, pa kuteka maji, mutu hasimamake kwa mustari, bidon yake ndiyo inamusimamia. Nilivua sapato moja, nikaiweka kwa banc, nikaenda kukaa inje na mutoto, mbali na batu.

"Koko, hii ni nini?" sentinelle akauliza.

"Iko miye. Tena hii haikohoake!"

Bamama balicheka ndani ya cache-nez zenye zilifunika kinywa na pua. Moja alivua yake, mwingine pia, mpaka banc ikajaa sapato, na batu bakakaa inje, kila mutu mbali na mwenzake. Sentinelle akalalamika: "Munakataa ordre!"

Infirmière, muuguzi ya pale, alitoka, akaangalia. "Tonton, baache." Kisha akaonyesha sapato yangu na kidole: "Mwenye hii, aingie."

Niliingia, muguu moja wazi. Mutoto alipata dawa ya malaria.

Mpaka leo bananiita kichwa nguvu. Baendelee tu. Tulifika pale na ugonjwa moja, sikukubali turudie nyumbani na mbili.