Wati za Mtoto Mchanga

Mpwa wangu alizaliwa kabla ya siku zake, katika kituo kidogo cha afya juu ya Kimulot, pale chai inapokaribia kuisha na msitu kuanza. Dada yangu alijifungua asubuhi. Nilipofika mchana kutoka shule ninakofundisha fizikia, mtoto alikuwa amelazwa chini ya mashine ya kupasha joto, na nyayo zake zilikuwa baridi kabisa.

"Hii mashine imewashwa, mwalimu," nesi aliniambia, "lakini mchana inazubaa. Asubuhi iko sawa."

Alikuwa mama wa makamo, peke yake zamu nzima. Alikuwa amelalamika mara nyingi. Mwishowe wakubwa wake walimtuma fundi, akafika asubuhi, akakuta mashine inachoma vizuri, akawaambia kwamba nesi hajui kuitumia. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Hakupoteza muda kunieleza zaidi. Alimtoa mtoto, akamlaza kifuani pa dada yangu, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa blanketi. Dada alipochoka, mama yetu alifungua blauzi yake bila kuulizwa na kumpokea mjukuu. "Kogo yuko," alimnong'oneza, yaani nyanya yako yuko hapa. Walipokezana hivyo hadi mtoto akapata nguvu ya kunyonya. Joto la wanawake wawili ndilo lililomwokoa, na serikali ilikuwa imenunua mashine ya kazi hiyo hiyo.

Mtoto alipokuwa salama, hasira yangu ikapata nafasi. Nilirudi pale mchana mwingine na mita ya volti ya maabara yetu na nyingine ya kubana waya, inayopima mkondo.

Kibati cha mashine kilisema wati mia sita kwa volti mia mbili na arobaini. Wati ukizigawa kwa volti unapata mkondo: ampea mbili na nusu. Volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo: omu tisini na sita. Ndivyo mashine ilivyotakiwa kuwa. Nikapima ilivyokuwa. Ukutani kulikuwa na volti mia moja na sitini. Mkondo ulikuwa ampea moja nukta sita saba. Nikagawa, nikapata omu zile zile tisini na sita. Waya wa joto ulikuwa mzima. Lakini volti mara ampea zilinipa wati mia mbili sitini na kitu tu. Volti zilikuwa zimepungua kwa theluthi moja, na joto limepungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu volti zikishuka zinaushusha na mkondo pamoja nazo.

Hesabu hiyo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huimaliza kabla ya kengele. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amejisumbua kuifanya kwa ajili ya mtoto mchanga.

Nilienda ofisi ya umeme. Ofisa mmoja alinisikiliza huku akiangalia simu yake. Nilirudi tena na tena, hadi akakubali kuja, na akaja asubuhi. Alichomeka mita yake ukutani mbele ya nesi na mimi.

"Mia mbili thelathini," alisema. "Madam, stima yenu ni nzuri sana."

"Ngoja mashine ya kusaga unga ianze, huanza mchana," nikamwambia.

"Nina safari ya Kapkatet."

Nilisimama mlangoni. Sijivunii, lakini sikumpisha. Nilimpigia simu mwenye kinu, ng'ambo ya barabara, nikamwomba aanze mapema. Kinu kikanguruma, na fundi wa kuchomelea mageti jirani yake naye akawasha mashine yake. Tarakimu kwenye mita ya ofisa zikashuka, zikashuka tena, zikatulia chini kidogo ya mia na sabini.

 Nesi aliweka mkono wake chini ya mashine ya mtoto, akamtazama ofisa, akangoja naye aweke wake. Hakuweka.

"Basi mwambieni huyo mwenye kinu afunge," alisema ofisa.

 Mwenye kinu alipewa laini ya stima na ofisi hiyo hiyo. Fundi wa mageti vilevile, na kila nyumba ya mlima ule. Transfoma iliyowekwa kwa ajili ya nyumba chache ilibebeshwa kijiji kizima, na sasa tuchague kati ya unga na watoto?

"Hao wanaosaga unga ndio hao hao wanaojifungulia hapa," nesi alisema polepole. "Nyinyi leteni transfoma."

Tulilipeleka jambo hilo kwenye baraza la chifu. Wanawake waliojifungulia pale walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza walivyohangaika na watoto wao.  Baada ya msimu mzima wa mvua, transfoma mpya ilikuja. Ofisa alipiga picha chini yake akitabasamu.

Nesi hakuwa kwenye picha. Alikuwa amehamishwa Sigor, mbali na watoto wake, kwa kile wakubwa wake walichokiita mahitaji ya kazi. Nilipompigia simu kumweleza kwamba sasa mashine inachoma mchana kutwa, alifurahi kweli. Nikamuuliza kama kuna mkubwa yeyote aliyewahi kumwambia pole kwa kumwita mjinga.

"Hakuna hata mmoja," alisema, kisha akaniuliza kama mtoto ameanza kutambaa.