Hita ya Nyumbani kwa Leoleo

Mafundi wengi ukiwapigia simu kwamba hita imekufa wanakujibu "niko njiani," na huko njiani ndiko wanakoishi, wanazaa, wanalea na wajukuu. Fundi wetu huyu hakuwa wa aina hiyo. Ukimpigia, alikuuliza kwanza, "Maji hayatoki kabisa, au yanatoka lakini ya baridi?" na kabla hujamaliza kuwalaani waliokuuzia hita hiyo, alikuwa mlangoni kwako, begi begani, anafuta viatu. Wateja wakambandika jina la Leoleo. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti, ambako halikumsumbua mtu.

Alianza kazi kwa kuwabebea watu hita mpya kutoka dukani. Alipochoka kuzibeba tena zikiwa maiti kuzirudisha dukani, akajifunza kuzifufua. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa yaliyoonekana kama yametengenezwa kwa kazi hiyo: alilibandika moja kwenye tangi, akafumba macho, akakuambia chini kumejaa chumvi kwa sababu tangi linakoroma. Wenye bafu tatu walimngoja kwa heshima wasiyompa daktari. Homa unaweza kwenda nayo ofisini. Kichwa chenye povu la sabuni huwezi.

Mke wake alimwita Mzee Kesho.

Hita yao wenyewe ilikata roho baridi ilipoanza. Mke akasema. Leoleo akajibu, "Kesho, mama watoto." Kesho ikaja, ikapita, ikazaa kesho nyingine, zikajaa nyumba nzima mpaka hakukuwa na pa kukaa. Na mke huyu alikuwa na ugonjwa wa viungo vya vidole. Asubuhi za baridi vilivimba, vikagoma kukunja, na kufunga kifungo cha gauni ikawa kazi ya kuanza nayo siku na kumaliza nayo subira. Daktari alimwambia aitumbukize mikono kwenye maji ya moto kila asubuhi. Basi akawa anachemsha maji kwenye sufuria na kuyabeba hadi bafuni, kwa mikono ileile ambayo haikuweza kushika kikombe vizuri.

Siku moja sufuria likamponyoka. Maji yakamwagika sakafuni yakifoka mvuke, yakamkosa mguu kidogo tu. Hakumwambia mumewe. Alimwambia binti yao, aliyeolewa mji mwingine, na binti akasema, "Mama, njoo ukae kwangu. Huku unafungua tu bomba." Tiketi ikakatwa: basi la saa kumi jioni. Sanduku likafungwa. Mumewe hakuwa na habari.

"Unaenda kusalimia?" aliuliza jirani yake mshonaji, aliyekuja kuagana naye akiwa bado na sindano kwenye ukosi.

"Nahamia kwenye maji ya moto."

"Na Leoleo je?"

"Leoleo ni wa wateja. Mimi sijawahi kumwona."

Mshonaji akafikiri. Alikuwa mwanamke wa kuona mshono ulipofumukia. "Basi kuwa mteja. Mpigie."

"Sauti yangu anaijua."

"Anaijua? Kwani ameisikiliza lini mara ya mwisho?" Mshonaji akacheka peke yake, halafu akaona mwenzake hacheki, akachukua simu yake mwenyewe. "Nitapiga mimi. Asipokuja, panda basi lako na mimi nitakubebea sanduku. Akija, angalau utakuwa umemwona fundi kabla ya kusafiri."

Simu ikaita. Mshonaji akaibana pua yake, akatoa sauti ya mke wa mkurugenzi. "Haloo, fundi? Hita yangu imenigomea."

"Pole sana, mama," ilisema sauti ya Leoleo, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. "Pole kweli, na baridi hii! Unakaa wapi?"

Mke wake aliitazama ile simu kama mtu anayesikia redio ikitaja jina lake. Pole sana. Pole kweli. Kumbe yalikuwemo humo ndani maneno haya, yamehifadhiwa yasije yakachakaa nyumbani.

Mshonaji akatoa maelekezo kwa kuanzia barabara ya nyuma, ambayo Leoleo hakuwa na desturi ya kupita: ashuke kwenye duka la vioo, akate kichochoroni, atokee kwenye geti lililoning'inia kwa bawaba moja.

Alifika mapema kuliko alivyoahidi, kama kawaida yake. Alipita kichochoroni akiwaza jinsi kazi hii ilivyo karibu na kwake, akaliona geti na kutikisa kichwa. "Watu wengine bwana," akasema kwa sauti. "Hawajaziba ufa, wanangoja ukuta." Aliliinua kidogo lisimwangukie mguuni, kama alivyokuwa akifanya kila usiku akilifunga kwa upande wa ndani, na mkono ndio uliolitambua geti kabla ya macho. Akasimama. Kamba ya nguo ilikuwa na shati lake.

Mke alikuwa mlangoni, amevaa gauni la kusafiria.

"Karibu, fundi. Wewe ndiye Leoleo? Nimekusikia sana."

"Mama watoto, mchezo gani huu?"

"Mama watoto ni nani? Mimi ni mteja, nimepiga simu. Kama una haraka, niambie nimtafute fundi mwingine."

Fundi mwingine! Ndani ya nyumba yake, juu ya hita yake, mbele ya mtaa mzima! Dirishani kwa jirani cherehani ilikuwa imenyamaza kimya cha kutegea sikio. Leoleo akashusha begi. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwenye mlango ule tangu walipohamia: akafuta viatu.

Bafuni mke alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Leoleo akazima swichi kuu, akapima waya kwa tesa kuhakikisha hakuna umeme, kisha ulimi ukamwendea wenyewe kwenye maswali ya kazi.

"Tatizo lilianza lini, mama?"

"Baridi ilipoanza."

"Ilikufa ghafla, au ilionyesha dalili?"

"Ilionyesha. Hapo zamani ilikuwa inapasha vizuri. Nilikuwa naijivunia kwa majirani."

Leoleo akamtazama kwa pembe ya jicho. "Hita?"

"Kwani tunazungumzia nini, fundi?"

"Endelea."

"Kabla haijafa, siku mbili nzima ilichemka kupita kiasi. Bomba likatema mvuke. Nilimwambia mume wangu."

"Alisemaje?"

"Alisema hiyo ndiyo nzuri, ina nguvu. Alikuwa anakula, hakuinua kichwa."

Leoleo aliinamia bisibisi. Mteja mwingine yeyote angemwambia hivyo, angeacha sahani na kukimbia. Hita inayochemka kupita kiasi inapiga kelele ya kuomba msaada. Themostati kazi yake ni kuiambia elementi, kile chuma kinachopasha maji, "basi, inatosha," na ikiganda haisemi tena. Elementi inapasha tu mpaka kile kitufe chekundu cha usalama kinaruka na kukata umeme. Hakuhitaji hata kufungua kifuniko. Alifungua, na kitufe kilikuwa kimeruka, kinamtazama chekundu kama jicho la mtu aliyekesha.

Angekibonyeza, maji yangepata moto. Ni kidole kimoja tu. Angeonekana mganga, mke angeshangilia, na hita ingechemka tena kwa wazimu uleule hadi kitufe kiruke upya, au kisiruke, na hapo ndipo watu huomboleza. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kitambo.

"Mbona unasita?" aliuliza mteja. "Imeshindikana?"

"Haijashindikana. Kuna njia ya mkato."

"Na wewe unaijua?"

"Naijua. Siyo ya mteja wangu."

Akafungua begi. Themostati mpya ilikuwa mfukoni mwa pembeni, ndani ya plastiki yake. Iliingia na kutoka katika nyumba hii kila siku begani kwake, asubuhi na jioni, kama mgeni asiyekaribishwa. Mke aliiona.

Alimwaga maji ya tangi, akachomoa elementi. Ilitoka imevaa gamba jeupe la chumvi kama mguu uliofungwa plasta. Akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuliondoa gamba kwa ukingo wa kipande cha mbao, polepole asije akaikwaruza, na bila kujijua akaanza kusema nayo, kama alivyosema nazo zote.

"Pole, mama. Pole. Wamekuacha uumie namna hii? Tulia, tulia. Najua inauma. Tutakusafisha, utapata nafuu."

Mke wake, aliyeishi naye miaka hiyo yote na kumlelea binti, hakuwahi kumwona kazini. Alifahamu begi lake na soksi zake. Hakujua kwamba mkono ule uliotupa taulo kitandani ungeweza kushika kitu kwa upole hivyo, wala kwamba uso wake, akifanya kazi, ulirudi kuwa wa kijana aliyembebea mizigo yake siku waliyokutana. Alimpenda papo hapo. Na papo hapo akashikwa na wivu mkali, wivu wa chuma.

"Unaiambia pole hita," akasema.

Leoleo akaacha kukwangua.

"Vidole vyangu umeviangalia lini?"

Mshonaji alipata kusema kwamba mganga hajigangi, lakini mke wake angalau hupewa dawa; Leoleo alikuwa amelicheka neno hilo sana, akidhani limesemwa juu ya mtu mwingine. Akaosha elementi, akairudisha, akafunga themostati mpya, akakata ncha ya waya iliyokuwa imeungua na kuikaza upya. Akajaza tangi hadi bomba likaacha kukohoa hewa. Akawasha umeme.

Sasa, Leoleo alikuwa na sharti moja: haondoki kwa mteja mpaka aguse maji kwa mkono wake na kuyakuta ya moto. Kwa hiyo akakaa. Ukumbi ulikuwa wake na kiti kilikuwa chake, lakini alikaa kwenye ukingo kama mgeni, begi katikati ya miguu. Mke akakaa mkabala. Hawakuwa wamekaa hivyo, bila sahani wala televisheni, kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuukisia.

Simu ya mke ikalia. Aliipokea kwa sauti ya nje, maana kuishikilia sikioni kulimuumiza.

"Mama, usichelewe stendi," ilisema sauti ya binti yao. "Na usibebe vitu vizito. Kitanda nimeshatandika. Baba umeshamwambia?"

"Bado, mwanangu. Nitakupigia."

Leoleo aliliangalia gauni la kusafiria kana kwamba ndiyo kwanza linavaliwa. "Unaenda kwa mtoto?"

"Basi la saa kumi."

"Kwa siku ngapi?"

Mke akaligeukia sanduku lililofungwa kwenye kona ya ukumbi.

"Sufuria liliniponyoka," akasema baadaye. "Lilijaa maji yanayochemka. Liliangukia hapa." Akaonyesha sakafu karibu na mguu wake.

Leoleo alipatazama pale mahali. Wateja walishamlilia, walishamtukana, na wote alikuwa na neno la kuwapa. Sasa alilitafuta neno kwenye kila mfuko.

"Mteja nisipokwenda, ataita mwingine," akasema hatimaye. "Wewe nilijua uko. Nikajua utakuwepo na kesho. Sikuwa na haraka kwa sababu nilijua huendi popote."

"Nami nilikuwa nakwenda."

"Naona."

"Nisingekuambia. Ungerudi jioni ukute nyumba ina baridi, ujipigie simu mwenyewe."

Mke akacheka, naye Leoleo akacheka, kicheko kidogo kilichowatoka kwa pamoja na kuwaaibisha kama vijana. Leoleo akasimama. Huko bafuni tangi lilikuwa limeanza kunong'ona. Akabandika sikio, akafumba macho, akafungua bomba na kuweka kiganja chake chini ya maji. Akangoja. Akaongeza ya baridi kidogo, akapima tena kwa upande wa ndani wa mkono, mahali anapopimia mtu maji ya kumwogesha mtoto.

"Njoo," akasema.

Akamshika mikono, akaikunja mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko, akaiweka chini ya maji. Ndipo alipoviona vidole vyenyewe: viungo vimetuna na kung'aa, kimoja kimepinda pembeni. Alikuwa akivishika kila siku vikimpa chai. Akaanza kuvipitia kimoja kimoja kwa dole gumba, pale panapouma na pale pasipouma, akisikiliza.

"Pole," akasema.

"Unaiambia hita?"

"Nakuambia wewe. Hapa panauma?"

"Hapo. Polepole."

Simu ikalia tena ukumbini, ikalia bila kukata tamaa, mpaka mke akasema, "Pokea wewe. Mikono yangu ina kazi." Leoleo akaenda, akarudi nayo ikiwa kwenye sauti ya nje, vidole vyake vikidondosha maji juu ya kioo.

"Baba? Mama yuko wapi? Saa kumi inakaribia!"

"Yuko bafuni, mwanangu."

"Anaoga saa hizi? Mwambie basi litamwacha!"

Leoleo hakumwambia. Alimtazama tu, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa fundi wala hakuwa na swali la kuuliza. Mvuke ulikuwa umeanza kuficha kioo cha ukutani. Mke wake alifumba macho, akageuza viganja juu, akavikunjua na kuvikunja vidole taratibu ndani ya maji.

"Liende tu," akasema. "Nawe weka hiyo simu, urudi. Huu mkono wa kushoto hujaugusa."