Sanduku la Panya na Jino la Nafula

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba mimi ni fundi wa stima. Kazi yangu ni kupima. Nikiambiwa waya una moto, siamini mpaka tester iwake. Haya nitakayokueleza siyaelezi kwa kupenda hadithi. Yalitokea ndani ya nyumba yangu, hapa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, nikiwa macho makavu, sijaonja pombe, na mtoto wangu ameketi kando yangu. Ningefurahi sana kama ningekuwa nadanganya.

Tulikuwa tumevuna. Magunia kumi na mawili ya mahindi niliyapanga kwenye chumba cha nyuma tunachokiita stoo, na kama unaijua Eldoret unajua kinachofuata. Mahindi yakiingia nyumbani, panya nao wanaingia. Walitoboa magunia, wakala sabuni, wakatafuna sketi ya shule ya binti yangu Nafula, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Sumu niliikataa kwa sababu ya mtoto. Gundi niliijaribu mara moja, panya akanaswa na kulia mpaka asubuhi, na mke wangu akaniambia nikileta gundi tena nitalala nayo stoo mimi mwenyewe.

Nikaenda mjini kwa Abdi, ambaye huniuzia balbu na swichi. Akanitolea kisanduku cheusi cha plastiki, urefu kama wa mkate, chenye mlango upande mmoja.

"Fundi, hii haina makelele," akaniambia. "Unaweka batri nne. Panya akiingia anakanyaga chuma mbili, stima inampiga, kwisha. Hii taa ya kijani ikianza kuwaka na kuzima, jua kuna mzigo ndani. Chambo weka na kijiko, usishike na mkono, atanusa. Na weka kando ya ukuta. Panya huwa hapiti katikati ya nyumba."

Nilikipenda kile kitu, sitakuficha. Niliweka siagi ya karanga mwisho kabisa wa sanduku, nikaliegemeza ukutani, na kesho yake taa ilikuwa inameta. Nikamwaga panya kwenye choo cha shimo bila hata kumgusa. Katika siku tano niliua watano. Nilijiona mwerevu kuliko majirani wote, nikawa natembea na hilo sanduku kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Alhamisi, jino la Nafula la juu, la mbele kabisa, lililokuwa likining'inia wiki nzima, likang'oka akila muhindi wa kuchoma. Kwetu jino la mtoto halitupwi ovyo. Mtoto hulirusha juu ya paa na kumwomba panya achukue lile la zamani, amletee jipya, jeupe na gumu kama lake. Mimi nilifanya hivyo nikiwa mdogo, na mama yangu kabla yangu. Basi Nafula akasimama uani na kulirusha. Likagonga mabati na kuviringika. "Panya, chukua langu, niletee lako," akasema kwa sauti, mikono nyuma, kama anakariri shairi shuleni.

Nami nilikuwa mlangoni nacheka. Mtoto anaagana na panya, na baba yake ana mtambo wa kuua panya hapo ndani. Si ni mzaha mzuri? Niambie ukweli, wewe ungekumbuka kutoa batri?

Jumamosi asubuhi taa ilikuwa inameta tena. Safari hii alikuwa panya mkubwa, manyoya ya kijivu. Nilipoliinamisha sanduku nitikise, niliona mambo mawili. Chambo hakikuwa kimeguswa hata kidogo. Na panya alikuwa ameuma kitu cheupe. Nikadhani ni punje ya mahindi, maana stoo ilijaa mahindi meupe. Lakini panya aliyebeba chakula tayari anaingia sandukuni kutafuta nini? Lilinipitia akilini hilo swali, nikaliacha lipite. Nikamtupa chooni na punje yake.

Jumapili mke wangu alienda Turbo kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa, akalala huko. Nikabaki na Nafula. Kuelekea saa moja jioni mvua ya mawe ikashuka, ile yetu ya hapa ambayo ukiwa chini ya mabati husikii hata unachofikiri, na stima ikapotea. Nikawasha taa yangu ya kuchaji, tukakaa mezani na chai. Mvua ilipopungua nikasikia hodi.

Alikuwa mama mzee, mdogo wa mwili, amejifunika leso mpaka kidevuni. Nikamkaribisha. Huku kwetu mzee akipiga hodi kwenye mvua humuulizi kabila wala kijiji, unamwingiza kwanza. Kiti kilikuwa mbele yake, hatua tatu tu. Hakukiendea moja kwa moja. Alizunguka na ukuta, bega likigusa ukuta, akapita nyuma ya kabati, nyuma ya kochi, mpaka akafika kwenye kiti kutoka upande wa pili. Na leso yake ilikuwa kavu. Niamini, nje maji yalikuwa yanatiririka kama mto, na leso ya yule mama haikuwa na tone.

Nikamwekea chai. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akainusa, akakirudisha mezani. Hapo ndipo harufu iliponifikia, harufu ya nywele zilizoungua. Mimi naijua hiyo harufu. Kila fundi wa stima anaijua.

"Baba Nafula," akasema, na mimi sikuwa nimemwambia jina la mtoto. "Nimekuja kumuulizia kijana wangu. Nilimtuma hapa tangu juzi na hajarudi."

"Pole, Mama," nikamjibu. "Hapa hakuna mtu amefika."

"Sikusema ni mtu."

Wakati huohuo, kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi, nikaona taa ya sanduku inaanza kumeta. Kijani, giza, kijani, giza. Hapakuwa na mlio wala purukushani ya kitu kuingia. Yule mama hakugeuka kutazama.

"Alikuwa amebebea huyu mtoto kitu chake," akaendelea. "Aliniambia ameagizwa. Sisi tukiagizwa na mtoto hatukatai."

Nikadanganya. Nilimwambia sijaona chochote, labda amepotea njia, labda aulize kwa jirani. Ndipo Nafula, mtoto niliyemfundisha mwenyewe asidanganye wakubwa, akaweka kikombe chake chini.

"Shosho, baba huwachoma na ile box," akasema. "Halafu anawatupa choo. Wako sita."

Nilitegemea yule mama atapiga kelele, au atageuka kitu kingine mbele yangu, na nilikuwa nimeshamshika Nafula mkono tayari kumvuta. Hakufanya lolote. Alionekana kuchoka tu, kama mzazi yeyote aliyepewa habari mbaya kwa nyumba ya watu. Hilo liliniogopesha zaidi, kwa sababu nilimwonea huruma, na sikutaka kumwonea huruma.

"Njoo, mjukuu. Fungua mdomo nione."

Nilisema hapana. Naapa nilisema hapana. Mkono wa mtoto ukaniteleza. Nafula akamwendea na kuachama, na yule mama akatoa mkono chini ya leso. Vidole vilikuwa vidogo sana, vyeusi kwenye ncha. Akagusa pengo kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepima kama uji umepoa. Wakati ule nilikuwa tayari kumpa magunia yote, nyumba yote, atoe tu kidole kwenye mdomo wa mtoto wangu.

"Jino la hapa ndilo alikuwa analeta," akasema. "Lilikuwa limekaa vizuri. Sasa, Baba Nafula, mimi nitatoa wapi lingine?"

Akatoa kidole mdomoni mwa Nafula, akaurudisha mkono chini ya leso.

"Haya. Nitatafuta. Nikipata nitaleta mwenyewe, sitatuma mtu."

Akainuka. Akapita na ukuta tena, nyuma ya kochi, nyuma ya kabati, akaingia stoo na kuvuta mlango nyuma yake. Hiyo stoo ina dirisha moja lenye chuma, hata paka hapenyi. Nilikaa pale nikimkumbatia Nafula kwa dakika kadhaa, kisha nikafungua mlango nikimulika na simu. Magunia yalikuwepo. Sanduku lilikuwepo, linameta. Nikalifungua, halikuwa na kitu. Nikatoa batri zote nne, nikazishika mkononi, na ile taa ikaendelea kumeta. Mimi ni fundi. Nieleze taa inametaje bila batri. Ilimeta mpaka stima iliporudi, halafu ikazima, na haijawaka tena kamwe.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, nilikuwa chooni na ndoo, kamba na waya niliopinda kama ndoano. Nilivua kile choo siku mbili. Majirani walidhani nimeangusha simu, na niliwaacha waamini hivyo. Sikupata kitu. Nilitapika mara nyingi nisizoweza kuhesabu, nikaendelea, kwa sababu nilijua ni nini nilichokitupa mle.

Sasa Nafula ana miaka tisa. Meno mengine yaliyong'oka yameota tena yote, mazuri tu, maana yale ya zamani tuliyafungia kabatini na hatukumwomba mtu. Lile la mbele halijaota. Nilimpeleka kwa daktari wa meno mjini, akapiga picha, akanionyesha. Mahali pa jino papo kwenye fizi, pamejitayarisha, ndani hamna kitu. Akasema hutokea kwa baadhi ya watoto, nisijisumbue. Mke wangu alimwamini. Mimi nilitikisa kichwa, nikalipa, nikaenda zangu.

Na panya? Hajaonekana panya hata mmoja kwangu tangu siku ile. Majirani wananionea wivu. Wanakuja kuniuliza niliwafanyia nini, na mimi ninawaambia kitu kimoja tu, ambacho nakuambia na wewe. Mtoto wako akirusha jino juu ya paa, toa batri kwenye sanduku lako. Toa sumu, toa gundi, funga paka. Subiri mpaka jino jipya lichungulie. Panya atakula gorogoro mbili tatu za mahindi, mwache ale. Mahindi tutapanda tena mvua ikinyesha.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni Nafula. Shuleni wanamwita Pengo. Akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Yeye hamwogopi yule mama hata kidogo, anamsubiri. Kila mvua kubwa ikianza jioni, mimi nafunga mlango wa stoo kwa kufuli, na yeye ananiomba nisifunge. "Baba, ukifunga ataniletea aje?"

Namwambia aache hayo mambo. Nashindwa kumwambia ninachokifikiria mimi. Meno ya watoto hayachimbwi shambani. Kama yule mama atakuja na jino jeupe lililokaa vizuri, litakuwa limekusudiwa mtoto mwingine, mtoto wa mtu fulani hapa Kiplombe au Turbo au huko kwako, ambaye naye alisimama uani akaomba kwa adabu, na atabaki akingoja.

Kwa hivyo mchunge wako. Nakuambia hivi kwa sababu wiki iliyopita mvua ya mawe ilirudi, Nafula akanitazama, mkono ukiwa mdomoni, na mimi sikufunga mlango wa stoo.