Imbwa ya Mugeni Alikula wa Kwanza

Siye benye tulikomala Butembo mu miaka ya vita, tulifundishwa bintu mingi bila tableau ya chaki na bila mwalimu. Miye niliacha masomo mu mwaka ya ine ya primaire, na leo niko na depot mbili na nyumba ya étage ku barabara yenye munaijua. Hapana kujisifu, ninatoa adresse tu. Mais nikiona bijana ya leo banaleta imbwa ya pili ku nyumba, ninacheka mpaka tumbo inauma. Imbwa anatoka Kampala mu gari, iko na carnet ya vaccin, iko na tricot ya baridi. Kijana anashika telefone, anaiuliza: imbwa ya zamani atakubali huyu mupya namna gani? Telefone inajibu, kijana anasoma, na nyuma yake imbwa mbili zinakulana masikio. Siye telefone hatukukuwa nayo. Tulikuwa na macho.

Ninakumbuka parcelle yetu, nyumba ya matofali ya udongo na mabati ya kutoboka, baridi ya asubuhi yenye kuingia mu mifupa, na moshi ya eucalyptus ikichanganyika na harufu ya samaki. Baba alichuuza samaki ya chumvi ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, na tulinuka samaki mpaka ku misa. Ku masomo baliniitaka Tilapia. Mupira tulifunga na majani ya migomba. Chukudu, ile gari ya mbao ya magurudumu mbili, tuliteremusha ku mulima bila frein ya kuisimamisha, batoto batatu juu yake, na mwenye aliumia alipigwa tena ku nyumba juu ya kupasula kaptula. Mutoto wa leo akikwaruzwa kidogo, familia nzima inatumiwa picha.

Na tulikuwa na Kapita. Imbwa mwekundu, sikio moja ilikatika, jina yake Kapita, kama musimamizi ya kazi, juu alituamrisha siye wote. Alilala jikoni, kando ya mafiga, na kazi yake ilikuwa kulinda samaki ya baba. Miaka tano hakuiba hata moja. Kila jioni mama alimupa kichwa ya samaki mu sahani yake ya bati, na Kapita aliipokea kama mutu wa serikali anapokea mushahara, bila kusema aksanti.

Kisha vita ilisogea karibu na Beni. Siku ya lundi, mujomba Mbusa, kaka ya mama, alifika kwetu na bibi yake Kavira, batoto bane na imbwa moja. Balitembea siku mbili. Ku chukudu balipakia matelas ya kulalia, casserole mbili ya kupikia, na mutoto mudogo juu kabisa. Imbwa yabo alikuwa mweusi, munene kutushinda siye wote, na ku Beni jina yake ilikuwa Colonel. Mais ku barrière ya njia basoda balisikia mutoto anamuita, na mukubwa yabo aliuliza nani pale ni Colonel. Mujomba alijibu mbio kwamba hapana, chef, iko imbwa tu, hana jina. Donc alifika kwetu bila grade, bila cheo.

Mugeni kwetu haombake. Mama alitoa kitanda yetu, siye tulilala ku mukeka, na hakuna mwenye alituuliza maoni. Sahani ya kwanza ilienda kwa mujomba, ya pili kwa mama Kavira, kisha batoto yabo. Siye tulipata supu ya mwisho, maharage tatu zinaogelea ndani. Baba alisemaka kama mugeni atasinzia na njaa kwake, afazali auzishe mabati ya nyumba. Bijana ya leo, mugeni akifika saa ya kula, banafunga mulango na kusema banaoga.

Sasa mama, juu ya roho yake nzuri, alitia imbwa pia mu ile sheria. Jioni ya kwanza alikamata sahani ya Kapita, na kichwa ya samaki ya Kapita, aliiweka kando ya mafiga, pale pa Kapita, na alimuita Colonel akuje kukula. Mugeni ni mugeni, hata akiwa na mukia. Kapita aliangalia sahani, aliangalia mama, aliangalia Colonel. Kisha alimurukia. Supu ilimwangika mu moto, jikoni ilijaa majivu, na Colonel alitoka na sikio ya kupasuka.

Mama alipiga Kapita fimbo. Kesho yake alianza tena na Colonel, na samaki aliongeza, juu mugeni sasa alikuwa na kidonda. Kapita alimuluma mu muguu. Ile kitu hauonake kila siku: mama mwenye akili nyingi vile, anaona moto na anaongeza petroli.

Siku ya tatu asubuhi, mama Kavira alianza kukunja matelas. Hakulia, hakugomba. Baba alimukuta anafunga kamba, alimuuliza banaenda wapi, na vita iko bado kule. Alijibu pole pole, macho chini:

«Shemeki, imbwa yako ametuambia maneno yenye nyie munaona haya kutuambia.»

Na kibaya ni kwamba haikukuwa uongo mutupu. Mama alikuwa anaongeza maji mu maharage kila siku, na miye mwenyewe nilikuwa nimehesabu vinywa. Lakini shemeki kutoka kwako na njaa, kurudi mu masasi juu ya imbwa, ile ni haya ya kufa nayo. Baba alisema mbele ya wote, mujomba akiwa pale: samedi, kisha siku tatu, mutu wa kuchoma makala ya kupikia akipita na chukudu yake, atamutoa Kapita, ule mutu aende naye mu pori. Tulijua maana yake. Kule imbwa hakumalizaka mwezi, juu ya chui. Mama Kavira aliacha kamba, mais matelas ilibaki ya kukunjwa ku ukuta.

Nililia, sifichi. Kisha nilianza kufikiri, na pale njo nilijua niko na kichwa ya biashara. Niliona hivi: mu parcelle yetu kila kitu ilikuwa ya Kapita, mafiga, sahani, hata kivuli. Inafaa imbwa hizi zipatane pahali hapana sahani ya mutu. Nilitafuta Masika, mutoto wa mujomba, wa umri yangu, mwenye kinywa kali.

«Imbwa yenu iko muchoyo kama nyie,» aliniambia.

«Na yenu iko munene bure. Vita imefika, amekimbia mbele ya batoto.»

Alicheka, na tulikamata kila mutu kamba yake. Siku tatu tulienda mpaka ku majani ya Rughenda, karibu na kiwanja ya ndege, miye upande moja ya njia, yeye upande ingine. Siku ya kwanza zilibweka mpaka sauti ziliisha. Siku ya pili ndege ilishuka chini sana, na zote mbili zililala tumbo mu majani, zinatetemeka, Colonel mukubwa vile ameficha kichwa chini ya kifua ya Kapita. Siku ya tatu kamba zililegea, zilinusana, zilikojoa ku muti moja. Telefone haikukuwa pale.

Mais jioni, ku nyumba, ilibaki bado mambo ya sahani. Nilimwambia mama aanze na Kapita.

«Mugeni akule nyuma ya mwenyeji? Weye nani alikuzaa?»

Nilijibu ni yeye, na alinipiga kofi. Mama alikuwa na haki: yeye hakuweza kuvunja ile sheria. Mugeni peke yake aliweza. Masika alimwambia mama yake yenye tuliona Rughenda, na jioni ya ile siku ya tatu, vendredi, wakati mama aliinama kumupa Colonel, mama Kavira alisimama, alimunyang'anya sahani mu mikono, aliiweka mbele ya Kapita, kando ya mafiga. Ya Colonel aliweka ku mulango, mu kipande ya chungu.

«Yetu atangoja, wifi,» alisema. «Na kesho unionyeshe shamba iko wapi.»

Kapita alikula. Colonel aliangalia, mate inashuka, alingoja. Hakuna jino moja yenye ilionekana. Mama alibaki amesimama kama mutu mwenye balimukamata ku wizi.

Samedi mutu wa makala alifika na kamba. Siye batoto tulifikiri mambo imeisha, mais baba alikuwa mutu wa neno moja, na ile neno aliisema mbele ya shemeki. Alienda kumufungua Kapita, uso imekufa. Pale mujomba Mbusa, mwenye tangu afike alikuwa anaongea kidogo sana, alimuuliza:

«Shemeki, ile imbwa unatoa kweli?»

«Nilisema ninatoa.»

«Basi unipe miye.»

Baba alitia kamba mu mukono ya mujomba. Mutu wa makala alienda ananung'unika, na samaki moja ya kumutuliza. Mujomba alimurudisha Kapita kando ya mafiga, pale pale. Na miye nilizunguka avenue yote, nikijipiga kifua kwamba nimepatanisha imbwa kushinda bakubwa benye balishindwa kupatanisha batu.

Baliikala miezi saba. Mama Kavira alilima na mama, maharage iliongezeka, na matelas haikukunjwa tena. Kisha Beni ilitulia. Asubuhi ya kuondoka mujomba alitaka kumuacha Kapita. Baba alikataa. Kitu yenye nimetoa, nimetoa, alisema. Kapita aliikala chini ku mulango ya parcelle, hakuelewa, mpaka Colonel alirudi nyuma kumunusa kinywa. Alisimama, alimufuata. Balishika njia ya Beni, imbwa mbili sambamba, bila kamba, na yangu hakugeuka. Miye mwenyewe njo nilimufundisha kutembea vile.

Leo niko na imbwa tatu nyuma ya ukuta. Zinakula nyama na ziko kali, hata padri anapiga telefone mbele ya kuingia. Mwaka iliyopita shemeki wangu, ndugu ya bibi yangu, alikimbia Beni na familia yake, juu kule vita imerudi tena. Nyumba yangu iko na byumba munane. Nilimupangia nyumba nzuri ku quartier ingine, yenye umeme, na batu balinisifu sana ku église. Batoto yangu hakuna mwenye alilala ku mukeka. Hakuna mwenye alingojea sahani. Na imbwa zangu mpaka leo hazijui harufu ya ule shemeki.