Soksi za Mwalimu Anania

Mwalimu Anania alistaafu akiwa na sifa moja kijiji kizima cha Kitanga: shuleni kwake hakukuwa na mtoto mwenye funza. Kila Jumatatu tulisimama mstarini, mguu mmoja juu, naye akapita na fimbo akikagua vidole. Aliyekutwa na funza aliitwa mbele, tukamzomea. "Funza haingii mguu wenye akili," alikuwa akisema.

Sasa ana miaka sabini na moja, na sukari huu ni mwaka wa sita. Ninayoyaandika mengine alinisimulia mwenyewe, macho chini, mengine niliyaona.

Ilianza kwa ganzi. Alihisi kama anakanyaga pamba, baadaye hakuhisi kitu. Asubuhi akienda kwenye banda la mbuzi, kandambili ilimtoka mguuni asijue, akaendelea peku. Jumapili moja, baada ya ibada, akavua soksi akaona damu. Alichukua kioo cha mkewe, Philomena, akakielekeza kwenye unyayo. Vidoa vyeusi, kila kimoja na duara lake jeupe. Hakuhitaji kuambiwa.

Angeweza kumwambia mkewe. Angeweza kumwambia nesi. Alijifungia chumbani na pini, akachokonoa. Hakuumia hata kidogo, na hilo likamfurahisha; alidhani mkono wake ni mwepesi. Baada ya wiki mbili vidole vilianza kuwa vyeusi. Akawa anafua soksi zake mwenyewe, yeye ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kusuuza kikombe.

"Mwalimu kaokoka mara ya pili," Philomena aliwatania majirani. "Siku hizi anafua!"

Kliniki ya kisukari ni Alhamisi, mara moja kwa mwezi. Mara mbili Sista Rabia, nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alimwomba avue viatu amkague. Mara mbili akajibu, "Sista, mimi nimeletwa na sukari, sikuletwa na miguu."

Mara ya tatu nilikuwepo, nimempeleka mama yangu. Benchi lilikuwa limejaa, jua limepanda. Harufu ikaanza kutuzunguka.

"Jamani, nani kaja na dagaa wabichi?" akauliza Bibi Vestina. Benchi zima likacheka.

Mwalimu naye alicheka. Kisha akatoa leso, akaziba pua, akamtazama mwanamke aliyekaa kando yake, akasogea. Alikuwa Ntirampeba, mjane wa bondeni, peku, vumbi hadi magotini. Sote tukayafuata macho ya Mwalimu. Mimi pia nilisogea, nikamvuta na mama.

Ntirampeba hakubisha. "Nisameheni, wazee wangu, nimetoka mbali." Akaenda bombani, akasugua miguu kwa jiwe, muda mrefu. Hakurudi kwenye benchi. Alikaa kwenye nyasi, peke yake.

Harufu ilibaki pale pale.

Bibi Vestina aliacha kucheka. Tulitazama chini, kila mmoja akiviepuka viatu vyeusi vilivyong'aa. Mwalimu aliinama, akafungua kamba.

"Sista," alisema. "Ni mimi."

Soksi ilikuwa imegandamana na kidonda, ikabidi ilowekwe. "Waondoe hawa kwanza," alinong'ona.

"Waache waone, baba. Nao wana miguu." Sista akatugeukia. "Mguu wa sukari hauumi, ndiyo maana unauawa na kitu kidogo. Utazameni kila siku. Ukishindwa kuinama, mtu wa nyumbani akutazamie. Na pini wekeni mbali." Kisha akamwambia yeye, kwa upole, "Ungenionyesha mwezi uliopita tungeosha na kufunga. Leo unakwenda hospitali Kasulu. Vidole siwezi kukuahidi. Mguu, tukiwahi, labda."

Vidole viwili vilibaki Kasulu. Mguu alirudi nao.

Kila jioni Philomena humkagua nyayo kwa tochi ya simu, naye hugeuza uso ukutani hadi amalize. Mwezi uliopita Mwalimu aliniomba nishuke bondeni, nimfikishie Ntirampeba salamu, nimwombee radhi.

"Mwalimu," nikamjibu, "mguu si umebaki nao? Nenda mwenyewe."

Nilisema kwa ukali. Mimi nina miguu miwili mizima, na vidole vyote kumi, na bondeni sijawahi kushuka.