Nilisema Eda Imekwisha

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu mimi, wala simsingizii shetani. Nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Yalinifika Maskati, miaka ile ya sitini, baada ya sisi kukimbia Unguja. Mume wangu alikuwa karani mstaafu wa serikali ya kule. Pensheni yake ilimfuata hata huku, na ndiyo tuliyokuwa tukiila, mimi, yeye na mama yake.

Ijumaa moja nikamuunguzia kanzu kwa pasi ya mkaa. Maneno yakazaa maneno, akanipa talaka moja, ya rejea. Kwa talaka hiyo, maadamu eda haijesha, mume aweza kukurejea bila ya ndoa mpya, na akifa kabla haijesha, wewe ni mkewe na unarithi. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nikafunga vitu vyangu nikaenda kwa shangazi yangu, mtaa wa Matrah.

Miezi miwili haijatimia, wifi yangu akaja.

"Kaka anasema kakosa. Kesho anakuja na mashahidi, akurejee."

Kiburi kikanipanda. Nilitaka anibembeleze, atoe mahari mapya, watu waone.

"Kamwambie eda nshamaliza. Akinitaka, aje anipose."

Uongo mtupu, hedhi ya tatu nilikuwa sijaiona. Lakini mambo ya eda mwanamke huaminiwa mwenyewe, nani atakwenda kumchungulia? Wifi akanitazama, akaondoka.

Nikasikia mume anahangaikia mahari, anakopa huku na huku. Wiki haikwisha, akaanguka akitoka msikitini, akafa papo hapo.

Matangani nilikaa na wageni. Nilipewa pole ile wanayopewa majirani.

Baadaye kadhi akatuita, mimi, wifi na mama mkwe, kwani wenye pensheni walikuwa wakiuliza mjane ni nani.

"Binti yangu," akaniambia yule mzee kwa upole, "siku aliyofariki, eda yako ilikuwa imekwisha kweli? Kama ulikosea hesabu, sema, hapana ubaya."

Alinifungulia mlango. Lakini ningesemaje mbele ya wifi? Kwamba kaka yake alikufa akitafuta mahari ya kumuoa mkewe mwenyewe?

"Ilikuwa imekwisha, sheikh."

Basi, ikaonekana hakuna mjane, pensheni ikakatwa. Nilijinyima haki yangu kwa ulimi wangu, nikamnyima na bibi wa watu tonge lake. Mama mkwe akaanza kushona kofia za kuuza, na macho yale hayaoni hata tundu la sindano. Nikipeleka chakula, ananishukuru. Roho yangu, jamani!

Eda ya kufiwa sikuikaa. Nilimlia mume wangu kwa kujificha.

Dada zangu, mkiachwa, kasirikeni mtakavyo, lakini eda msiifanyie mchezo. Kama haijesha, semeni haijesha, hata mbele ya mliyekwisha kumdanganya. Mimi mpaka leo nikimwombea dua, nikifika pa kusema "mume wangu", nanyamaza.